Muhuri wa Mjomba

Nikitoka shuleni siendi nyumbani. Ningeenda kufanya nini, na watu wangu wote wako dukani? Duka letu ni chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza madaftari, na ukifika mlangoni tu pua yako inakuambia kazi yetu: ngozi, gundi na rangi ya viatu. Baba ni fundi viatu. Yeye hukata soli na kuzigonga. Mama hukaa dirishani na cherehani yake, akishona sehemu za juu. Mimi navua sare, navaa aproni inayonifika kwenye vifundo vya miguu, kisha napanga ramani.

Usicheke! Si ramani za mito na milima. Mteja wetu akija, husimama peku juu ya kadibodi, na Baba humzungushia penseli kuufuata mguu wake. Halafu humkalisha, humwinua unyayo, na kwa penseli nyekundu huchora juu ya kadibodi ile kila kitu ambacho kiatu kinapaswa kukijua: hapa pana sugu, hapa pana kovu, kidole hiki kimepinda. Nyuma huandika jina na tarehe. Kama kuna mahali pasipotaka kubanwa, basi kwenye soli ya ndani Baba hutoboa shimo dogo la duara ili mahali pale papumzike. Shimo hilo tunaliita kidimbwi. Wateja wanatoka mitaa ya mbali kufuata vidimbwi vya Baba, maana kiatu chake hakiumi hata siku ya kwanza.

Baba ana sheria moja isiyo na mjadala. Kiatu kipya, ramani mpya. Ya zamani haiangaliwi.

"Ukiitazama ya zamani, jicho linakuwa vivu," husema. "Mkono unachora ulichozoea, si ulichokiona."

Kwa hiyo ramani zikishatumika huingia kwenye maboksi chini ya benchi, na malkia wa maboksi hayo ni mimi. Nimezipanga kwa majina na kwa miaka. Mtaani wananiita Kipimo, kwa sababu rula haitoki mfukoni mwangu na napima kila ninachokikuta. Nimewahi kupima mkia wa paka wa kinyozi. Paka hakupenda, na alama ya kucha ninayo mpaka leo. Ina sentimita tatu na nusu.

Sasa, Jumatano moja nilikuwa nimepiga magoti kati ya maboksi hayo, mara mlango ukajaa mtu.

"Kipimo! Umesikia? Hebu niambie umesikia!"

Alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama. Siku za kazi Mjomba ni mwashi, anajenga kuta za watu. Mwisho wa wiki ni refa. Kwa miaka tisa alikuwa akikimbia pembeni mwa uwanja na kibendera, akiomba siku moja apewe filimbi katika mechi kubwa.

"Shikamoo, Mjomba. Sijasikia, bado hujasema!"

"Marahaba. Fainali! Jumamosi hii, Kijani na Wekundu. Refa wa kati ni nani?" Akajipiga kifua. "Ni huyu hapa!"

Mama aliiacha cherehani akapiga vigelegele. Baba aligonga nyundo juu ya benchi mara tatu. Mimi niliruka mpaka nikakanyaga aproni yangu nikaanguka, nikaendelea kushangilia nikiwa chini. Fainali ile ilikuwa gumzo la mji mzima. Kinyozi alikuwa amefunga kitambaa cha kijani mlangoni, na mke wake chekundu dirishani, na kwa wiki nzima walikuwa wakizungumza kupitia kwa binti yao.

"Shemeji, nataka viatu," Mjomba alimwambia Baba. "Vyeusi, vyepesi, vya kukimbia. Vile vya zamani vimechoka, nimekuletea uvione."

Baba alitazama viatu vile, akatazama rundo la kazi mbele yake. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Alichomoa penseli sikioni mwake akanipa mimi.

"Mchore mjomba wako," alisema.

"Mimi?"

"Kuna Kipimo mwingine humu?"

Jamani! Nilikuwa nimengoja siku ile tangu nikiwa darasa la tatu. Niliweka kadibodi sakafuni, Mjomba akavua kiatu, akaanza kuvua soksi. Ya kulia haikutaka kutoka. Alipoivuta ilibanduka kama plasta, naye akakunja uso.

Nilichora mguu wote, taratibu, ulimi nje. Kisha nikamwinua unyayo nichore muhuri.

Muhuri ni alama aliyozaliwa nayo Mjomba, doa jeusi katikati ya unyayo wa kulia. Bibi, mama yao, alipoiona siku ile alipomzaa, alisema mtoto huyu amepigwa muhuri wa safari, atakimbia kuliko wote. Ukoo mzima uliipenda hadithi hiyo. Mjomba mwenyewe, kila akivua viatu mbele ya wageni, hutania kwamba yeye ni mali halali, ana muhuri wa kiwandani. Nami nilikuwa nimeuona mara nyingi kwa mbali. Sikuwa nimewahi kuushika mguu ule na kuutazama kwa karibu.

Ulikuwa na damu. Si nyingi, tone tu, ila mbichi. Na haukuwa wa duara. Upande mmoja ulikuwa umetambaa kama wino uliomwagika, mweusi tititi hapa, kahawia pale, na pembeni kuna wekundu kidogo.

"Mjomba, muhuri unatoa damu."

"Shii!" Alimtupia jicho Mama, lakini cherehani ilikuwa ikinguruma. "Ni kokoto ya saiti tu. Mama yako akisikia ataniburuta hospitali kwa sikio, na mimi Jumamosi nina fainali. Nitakwenda baadaye. Sasa sikiliza, nina habari yako." Aliinama akanong'ona. "Refa anaruhusiwa mtoto mmoja wa kumbebea mpira mpaka katikati ya uwanja. Nimekuandika wewe."

Nilisahau damu. Nilisahau hata jina langu. Mimi, katikati ya uwanja, na mpira wa fainali mikononi, na shule yote ikitazama!

"Siri yetu?" Mjomba aliuliza.

"Siri yetu!" nilisema, na nilisema kutoka moyoni.

Alipoondoka, Baba alitoka kwenda kununua gundi. Nilibaki na ramani yangu ya kwanza, nikiitazama na kujipongeza. Nilitaka Baba akirudi aseme kwamba haina kasoro. Basi kishawishi kikanishika. Ningepima tu kidogo na zile za zamani, nione kama mkono wangu unakaribia wa Baba. Nilivuta boksi. Ramani mbili za Mjomba zilikuwemo, moja ya miaka mitatu nyuma, moja ya mwaka jana. Niliziweka benchini, nikatoa rula.

Mguu ulilingana kabisa! Urefu uleule, upana uleule. Nikashuka kwenye muhuri. Miaka mitatu nyuma ulikuwa na milimita nne, duara safi kama punje ya dengu. Mwaka jana, milimita saba. Kwangu, milimita kumi na tatu.

"Nimekosea," nilijiambia, na furaha yote ikaniisha. Ramani yangu ya kwanza, na nimeiharibu.

Lakini nilikumbuka kwamba nilifuata ukingo wa doa kwa jicho kali. Nikachukua viatu vya zamani alivyoviacha Mjomba, nikachomoa soli ya ndani ya mguu wa kulia. Kidimbwi cha Baba kilikuwepo, chenye upana wa kifungo cha shati. Na kukizunguka, pande zote, palikuwa na madoa ya damu iliyokauka. Si doa moja. Niliyahesabu yakafika saba, mengine yamefifia, mengine mapya.

Kokoto gani hiyo inayochoma mahali palepale mara saba? Mkono wangu haukukosea. Muhuri ndio uliokua.

"Una nini? Umekuwa kama umemeza msumari."

Alikuwa Redio, binti wa kinyozi, rafiki yangu tangu chekechea. Jina hilo hakupewa bure. Ukimwambia jambo asubuhi, saa nne shule nzima inalo. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilimweleza yote, tena bila kuvuta pumzi.

Redio alizitazama ramani tatu, mdomo wazi.

"Ukisema, hatachezesha fainali," alisema.

"Najua."

"Na wewe hutabeba mpira."

"Najua, Redio!"

"Na uliahidi."

"Sasa unanishauri ninyamaze?"

Aliwaza, na Redio akiwaza huwa inaonekana, maana nyusi zake hupanda mpaka karibu na nywele. "Kunyamaza mimi sikujui, nitakushauri vipi? Ninachojua ni kwamba bibi wa jirani yetu alificha uvimbe kwa sababu ya harusi ya mwanawe. Harusi ilikuwa nzuri." Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenyamaza katikati ya habari, na sikuhitaji kuuliza mwisho wake.

Baba aliporudi alikuta ramani tatu benchini. Uso wake ukabadilika.

"Nani ametoa za zamani?"

"Mimi, Baba. Nimevunja sheria. Nigombeze, lakini tazama kwanza."

Nilimwonyesha. Nne, saba, kumi na tatu. Nikamwonyesha soli yenye damu. Baba aliishika akaigeuza mara mbili, tatu. Kisha alikaa juu ya kiti chake taratibu, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Kila alipokuja nilikata kidimbwi kikubwa zaidi," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuja akasema panabana, nikapanua. Akaja tena, nikapanua tena. Nilijisifu kwamba nimemfanyia kiatu kisichouma. Nimeutengenezea mguu mgonjwa mahali pa kulala."

Cherehani ilinyamaza. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, na uzi bado mkononi.

"Mdogo wangu yuko wapi?" aliuliza.

Dakika kumi baadaye Mjomba alikuwa amerudishwa dukani, na hakika Mama hakumshika sikio, lakini palibaki kidogo tu. Mjomba alisikiliza, akatazama ramani, kisha akanigeukia mimi.

"Kipimo. Umeniuza."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kucha za paka. Nililia palepale, mbele ya Redio, mbele ya wateja wawili waliokuja kuchukua viatu.

"Sijakuuza, Mjomba! Nakutaka uchezeshe fainali hata mia! Lakini muhuri unakua! Nimepima!"

Mjomba aliutazama mguu wake wa kulia.

"Tangu nizaliwe ninao," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu tena. "Ni alama tu. Mama yetu alisema..."

"Mama alisema utakimbia," Mama alimkata. "Hakusema usitibiwe. Kesho asubuhi, zahanati. Ukikataa nitakuja uwanjani Jumamosi nikutoe kwa kadi nyekundu."

Alhamisi tabibu wa zahanati aliutazama muhuri kwa dakika moja tu, akaanza kuandika barua.

"Una bahati," alisema. "Daktari wa ngozi anakuja hospitali kuu kesho. Huja mara moja kila miezi miwili. Nenda, na uende mapema."

Ijumaa! Siku moja kabla ya fainali. Nilimwomba mwalimu ruhusa, naye alipoona ramani tatu nilizozifunga kwa kamba ya viatu, hakuuliza maswali mengi. Tulikaa foleni kwenye benchi refu, Mjomba, Mama, Baba na mimi. Mguu wa Mjomba haukutulia. Kila baada ya muda aligusa filimbi mfukoni mwake. Hakuwa amenisemesha tangu Jumatano, nami nilikuwa natazama sakafu na kupima vigae kwa macho.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alikuwa na kioo cha kukuzia chenye taa ndani yake. Alikiweka juu ya unyayo wa Mjomba akatazama kwa muda mrefu.

"Umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, Daktari."

"Sikuulizi ulikuwepo tangu lini. Nakuuliza umekuwa mkubwa hivi, na wenye rangi tatu hivi, tangu lini?"

Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilisimama, nikafungua kamba, nikaziweka ramani mezani moja baada ya nyingine.

"Hii ni ya miaka mitatu nyuma, milimita nne. Hii ya mwaka jana, saba. Hii nimeichora Jumatano. Kumi na tatu. Tarehe ziko nyuma."

Daktari alivaa miwani. Alizitazama ramani, akanitazama mimi, akazitazama tena, na macho yake yakang'aa.

"Nani ana utaratibu huu? Miaka ishirini nawauliza wagonjwa, 'Je, doa limekua?' nao wanajibu, 'Labda, sijui, nadhani.' Leo nimeletewa jibu lenye milimita na tarehe!" Alicheka kwa furaha kabisa, halafu akawa makini. "Ndugu yangu, sitakuficha. Huenda hii ni saratani ya ngozi. Huenda si yenyewe. Kwa macho siwezi kuapa. Nataka kulitoa doa hili leo, kwa sindano ya ganzi, niipeleke nyama yake maabara."

"Leo?" Mjomba aliinuka nusu. "Daktari, kesho nina fainali. Nitoe Jumapili. Jumatatu!"

"Jumatatu sipo. Nitarudi baada ya miezi miwili."

"Basi miezi miwili. Si mingi."

Daktari hakubishana naye. Alichukua penseli iliyokuwa mezani, akaiweka juu ya ramani ya kwanza, akaisogeza kwenye ya pili, akaisogeza kwenye ya tatu. Kisha akaisogeza mezani pale ambapo ramani ya nne ingekuwepo, akaiacha hapo.

"Mpwa wako ni mpimaji," alisema. "Muulize baada ya miezi miwili itakuwa ngapi."

Mjomba alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu dukani.

"Sijui, Mjomba," nilisema. "Hiyo siwezi kuipima. Nakuomba tu."

Mjomba aliingiza mkono mfukoni, akatoa filimbi, akaitazama. Miaka tisa ya kibendera ilikuwa ndani ya kile kifilimbi. Kisha alimpa Baba.

"Shemeji, mpelekee msaidizi wangu. Mwambie asiwe mwoga kwenye penalti." Akalala kitandani akafumba macho. "Kata, Daktari, kabla sijabadili mawazo."

Basi Jumamosi Mjomba alikuwa kwenye uga wetu, mguu umefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya kigoda, na uwanja uko mitaa miwili tu kutoka hapo. Kelele za mashabiki zilitufikia kana kwamba wako chumbani. Mimi nilikataa kwenda. Ningetazamaje mtoto mwingine akibeba mpira wangu? Lakini Redio hakutuacha. Alikimbia kutoka uwanjani mpaka kwetu na kurudi, mara kumi na moja kwa hesabu yangu, akitangaza huku akihema.

"Kijani wamepata kona! Wamekosa! Beki wa Wekundu amemvuta shati mshambuliaji wa Kijani!"

"Ndani ya boksi au nje?" Mjomba aliruka nusu mita akiwa amekaa.

"Nje kidogo!"

"Faulo! Mpira wa adhabu!" Akatia vidole mdomoni akapuliza filimbi ya mdomo iliyowafanya kuku wa jirani watawanyike.

Redio akacheka: huko uwanjani filimbi ya kweli nayo ilikuwa imelia kwa faulo ileile. Tulishangilia kama wehu. Mechi nzima Mjomba aliichezesha kutoka kwenye kigoda, alitoa kadi mbili za njano kwa kutumia vipande vya ngozi vya Baba, na Wekundu waliposhinda kwa bao la dakika ya mwisho, alinivuta nikakaa kando yake.

"Nilisema umeniuza," alisema. "Nilikosea. Refa anayeona kosa akameza filimbi si refa. Wewe uliona ukapuliza."

Nililia tena, lakini safari hii kwa raha.

Majibu yalichukua wiki mbili na nusu. Tulirudi hospitali sote, na Daktari, ambaye kwa ajili ya majibu yale alisafiri bila kungoja zamu yake ya miezi miwili, alituambia bila kuzunguka. Ilikuwa saratani. Mama alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

"Lakini nisikilizeni mpaka mwisho," Daktari aliendelea haraka. "Ilikuwa bado changa. Haijazama ndani. Nitakata tena pembeni kidogo ili nisiache hata chembe, nichukue kipande cha ngozi pajani kuziba pale. Tutapima na mitoki, zile tezi za kinenani, kuona kama imesafiri. Ungeniletea mwakani, tungekuwa na mazungumzo mengine."

Baba alikuwa na swali lililomkaa rohoni tangu Jumatano ile.

"Daktari, ni viatu vyangu vilivyomletea?"

"Hapana, fundi. Usijibebeshe mzigo huo. Viatu havikuileta. Viatu vilimwondolea maumivu tu, kwa hiyo hakuona haraka ya kuja."

Baba alishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani wiki tatu.

Mjomba alikatwa, akashonwa, akatembea na magongo, akalalamika, akatania, akalalamika tena. Mitoki ilipimwa ikakutwa salama. Na dukani kwetu sheria ilibadilika. Siku ambayo Mjomba alirudi kupimwa viatu vipya, Baba aliwaita wateja waliokuwepo, na Redio, na kinyozi, akasimama mbele ya maboksi yangu.

"Kwa miaka yote nilisema ramani ya zamani haiangaliwi," alisema. "Nilikosea, na binti yangu ndiye aliyenionyesha. Kuanzia leo utachorwa upya, halafu ya zamani itawekwa kando yake. Alama ikibadilika, sikati kidimbwi. Nakutuma kwa daktari."

"Mimi nina alama shingoni!" Redio alipiga kelele, akishika shingo. "Nitakufa?"

Kila mtu aliangua kicheko. Mama aliinamisha shingo ya Redio akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndogo, ya duara, rangi moja, na iko hivihivi tangu ulipokuwa unatambaa hapa sakafuni," alisema. "Hebu sikilizeni, watoto, na wakubwa pia, maana Daktari alituambia tukawaambie wengine. Karibu kila mtu ana alama mwilini, na nyingi hazina neno. Kazi yako si kuziogopa. Kazi yako ni kuzifahamu. Ikianza kukua, ukingo ukaharibika, rangi zikachanganyika, ikawasha au ikatoa damu, usiseme 'nimezaliwa nayo.' Nenda ionekane. Na msitazame mahali pa jua peke yake. Sisi weusi hutupata mara nyingi chini ya unyayo, kiganjani, na chini ya kucha, mahali ambapo mtu hajiangalii. Na ukiona kwa mwenzako, mwambie mkubwa, hata kama uliahidi kunyamaza. Siri inayomficha mgonjwa kwa daktari haina haki ya kulindwa."

Nilimwona kinyozi akivua kandambili pole pole na kutazama nyayo zake.

Kisha Baba akanipa penseli. Nilimchora Mjomba, mguu wote, taratibu. Nilipofika kwenye unyayo, nilichora kovu kwa penseli nyekundu, laini na lililopona vizuri, na nikaandika tarehe.

Msimu mpya ulifunguliwa miezi minane baadaye. Daktari alikuwa amemruhusu kukimbia, kwa sharti kwamba arudi kupimwa kila baada ya miezi minne, na Mama alikuwa ameziandika tarehe hizo ukutani kwa chaki. Mechi ya ufunguzi ilikuwa ya Kijani na Wekundu, na uwanja ulifurika mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Refa wa kati alivaa viatu vyeusi, vyepesi, vya kukimbia. Mbele yake, katikati ya kelele zote zile, nilitembea mimi, mpira mikononi, kichwa juu, na nikisikia sauti ya Redio kushinda za wote.

Tulifika kwenye duara la kati. Nikamkabidhi mpira. Mjomba aliinama kana kwamba anataka kukagua hewa yake.

"Kipimo," alininong'oneza. "Muhuri una milimita ngapi?"

"Sifuri, Mjomba."

Akacheka, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza.